Kichwa cha Sentimita Hamsini na Nane

Kofia saba zilikuwa zinashuka ngazi za jengo la maduka saa nne asubuhi, na hata moja haikuwa imevaliwa. Tatu zilining'inia mkono wa kulia, tatu mkono wa kushoto, na ya saba, yenye nyoya refu jeusi, ilikuwa imebanwa chini ya kidevu. Aliyezibeba alikuwa mwanamke mrefu, gauni lake la kijivu limenyooka kana kwamba limetoka kwenye pasi dakika ile, nywele zimevutwa nyuma, na paji lake la uso, pana na jeusi, limeachwa wazi lote. Ilikuwa mwisho wa mwezi na ngazi zilifurika watu. Bega la mtu likamsukuma. Miwani ikamtoka usoni, ikadunda ngazi mbili, kisha kisigino cha mtu mwingine kikaimalizia.

Kofia hata moja haikuanguka.

"Usisogee," sauti ya mwanamume ikasema kutoka chini. "Kioo kimoja kimepona. Ukisogea tutakikosa na hicho."

"Sioni hata nilipo."

"Uko ngazi ya tano kutoka chini. Mbele yako kuna mimi."

"Hilo ni la kuniogopesha au la kunituliza?"

"Bado sijajua. Nipe mkono."

"Mikono imejaa kofia, kaka."

"Basi nivalishe hiyo ya kidevuni, mimi nikushike kiwiko."

Akamvalisha ile yenye nyoya. Mwanamume akamshika kiwiko na kumshusha ngazi tano taratibu, kofia ya kike kichwani, nyoya likimcheka kila mpita njia, naye hakuivua mpaka walipofika mlangoni kwake. Kumbe alikuwa fundi miwani, mwenye chumba cha pembeni ghorofa ya chini. Mwanamke alikuwa mshona kofia, ghorofa ya pili, upande uleule. Mwaka mzima walikuwa wakipanda ngazi zilezile na hawajawahi kukutana.

Ndivyo yalivyoanza. Miezi mitano haikuisha kabla ya kila mtu jengoni kujua kwamba saa saba mchana benchi la kati ya ghorofa lina wenyewe.

Yule mwanamke waliomjua walimwita Paji. Jina hilo alipewa shuleni na watoto wenye ulimi, likamfuata mpaka utu uzima. Alishona na shangazi yake, aliyemfundisha kazi, katika chumba kirefu chembamba chenye kalibu za mbao zilizopangwa rafuni kama vichwa vya watu waliochoka kusubiri. Shangazi alipiga mvuke na kugandamiza, Paji alikata na kushona. Wanawake walipanda ghorofa mbili kumfuata kwa sababu hakuwauliza wanataka kofia gani. Aliwaketisha, akawatazama, kisha akawauliza maswali matatu. Ukiingia mahali, unataka watu wakuone kabla hujasalimia au baada? Ukikasirika, kichwa unakiinamisha au unakiinua? Mkoba unaubeba mkono upi? Wakishajibu, alijua kimo cha kofia, mwinamo wa ukingo, na upande wa kuweka pambo.

Lakini yeye mwenyewe hakuvaa. Miaka kumi na mmoja iliyopita, wiki yake ya kwanza kazini, alijaribu kofia mbele ya kioo na shangazi akapita nyuma yake akasema, "Vua hiyo, uso wako si wa kofia." Akaivua. Hakuuliza. Tangu siku hiyo alikaa nyuma ya meza ya kukatia na kuwapamba wengine, na akialikwa popote penye watu alikuwa na kazi ya haraka.

Bwana Miwani, kama shangazi alivyombatiza, aliliona hilo kwa macho ya kazi yake. Siku nzima alikuwa akipima nyuso za watu kwa rula: upana wa mashavu, umbali wa jicho na jicho, urefu wa pua. Uso wa Paji aliupima mara moja tu na hakuhitaji tena kutazama kadi. Alikuwa amemwomba wahudhurie mikusanyiko miwili, mara zote mbili akajibiwa kuna kazi. Sasa dada yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na safari hii hakutaka jibu hilo. Alitaka familia yake imwone Paji, na Paji akubali kuonwa.

Akapanga hila. Siku moja, akijifanya anapima kamba ya kushikilia miwani, alizungusha uzi kichwani kwa Paji na kuufunga fundo. Jumatatu iliyotangulia harusi akapanda ghorofa ya pili na uzi ule mfukoni kama mwizi.

"Nataka kofia ya mteja wangu," alisema. "Kwa Ijumaa."

"Mlete."

"Anaona haya. Hatakuja. Nimempima mwenyewe."

"Tangu lini fundi miwani anapima vichwa?"

"Miwani haikai hewani, mpenzi. Inakaa kichwani."

Shangazi akacheka huku akikung'uta brashi. Paji hakucheka. Kanuni yake ilikuwa moja, kutokishonea kichwa asichokiona, na hakuwahi kuivunja kwa mtu. Alimtazama mwanamume huyu mwenye shati la bluu na bisibisi iliyosahauliwa mfukoni, akanyoosha mkono.

"Lete huo uzi."

Akaulaza kwenye tepu. Sentimita hamsini na nane.

"Kichwa kikubwa."

"Kina mengi ndani."

Akainua macho kidogo, akayarudisha kwenye kadi ya vipimo ambayo Bwana Miwani aliishika mbele yake. Uso mrefu. Mashavu membamba. Paji la uso sentimita nane.

"Maskini, ana paji kama langu."

Bwana Miwani akatazama rafu ya kalibu. "Yanakaribiana," akasema.

"Basi mwambie asijisumbue. Uso huu si wa kofia."

"Wewe mshonee tu. Tuseme unampenda. Ungemfanyaje?"

Hapo kazi ikamshika Paji, akasahau mengine. Akachukua chaki, akaanza kuchora juu ya meza yenyewe. "Wengi wangelifunika hilo paji. Wanakosea. Ukifunika unasema kuna aibu. Mimi ningeliacha. Kuba ya kofia iwe fupi, isiurefushe uso. Ukingo uinuke mbele, upande mmoja, mtu akitazama alione paji kwanza kisha macho. Rangi nzito. Zambarau iliyoiva. Na pambo dogo tu, kwa sababu uso wenyewe unatosha." Akarudi nyuma kidogo, kama aliyejishangaa. "Maswali matatu. Yeye hayupo, utanijibu wewe."

"Uliza."

"Akiingia mahali, anataka aonwe kabla ya kusalimia au baada?"

"Baada. Angependa hata asionwe, lakini akishazungumza watu hawasikilizi mwingine."

Chaki ikasimama. "Akikasirika?"

"Anainua kichwa. Na nyusi ya kushoto."

"Mkoba?"

"Mkono wa kushoto. Wa kulia anauacha huru, asije akalazimika kuokota kitu cha mtu."

Aliandika majibu yote. Mwandiko wake ulizidi kuwa mdogo. Alipomaliza alisema, "Huyu mteja unamjua vizuri," na Bwana Miwani, ambaye tangu asubuhi aliogopa kugunduliwa, akajibu haraka kupita kiasi, "Ah, wa kawaida tu," akashuka ngazi.

Shangazi alisubiri nyayo zipotee. "Mwanangu, mwanamume anayejua mkono wa mkoba, huyo ametembea naye."

"Shangazi, piga mvuke."

Ilipofika Jumatano asubuhi kofia ilikuwa imekamilika, kabla ya siku yake. Ilikaa juu ya kalibu karibu na dirisha, zambarau yake ikibadilika kila wingu lilipopita, ukingo umeinuka upande wa kulia kama nyusi ya mtu anayekaribia kutabasamu. Shangazi aliizunguka mara mbili.

"Hujawahi kushona kofia nzuri kuliko hii."

Paji alijua. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa ameishona kwa wivu mdogo ambao hakuupa jina, na mikono ikafanya kazi nzuri bila ruhusa yake. Kilichokuwa kinamla zaidi ni harusi. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa na siku moja, na Bwana Miwani, aliyemsimulia mpaka rangi ya viti, hakuwa amemwambia hata mara moja, "Twende."

Saa tano alichukua vikombe viwili vya chai, akashuka kumuuliza. Aliyapanga maneno ngazi kwa ngazi. Mlango wa fundi ulikuwa umeachwa nusu. Mwenyewe alikuwa amempa mgongo, mikono yote miwili kwenye fremu ndogo, na simu mezani ikizungumza kwa sauti ya juu. Ilikuwa sauti ya dada yake.

"Kofia ya wifi yangu imefika wapi?"

"Naichukua Ijumaa."

"Na huyo mshonaji hajashtuka?"

"Hajui chochote. Akijua mapema atavuruga kila kitu."

"Ole wako asije. Nimeshamwambia mama kwamba kaka analeta mtu."

"Atakuja, dada. Kichwa chake nimekipima mimi mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, yule wa simuni na yule wa kitini. Paji akarudi nyuma hatua moja, ya pili. Chai ilimwagika kidoleni na hakuisikia. Bwana Miwani alipogeuka kutafuta bisibisi, mlango ulikuwa umeachwa nusu kama alivyouacha.

Alhamisi asubuhi, kabla shangazi hajawasha jiko la mvuke, Paji alifumua utepe wa ndani wa kofia ya zambarau. Akauvuta, akaushona upya. Sentimita hamsini na sita. Mbili hazionekani kwa macho. Lakini kichwani, baada ya nusu saa, sentimita mbili ni msumari. Kisha akaishika juu ya mvuke na kuushusha ukingo wa mbele, taratibu, kwa vidole vilivyozoea kufanya kinyume, mpaka ukafunika mahali ambapo paji la yule mwanamke lingekuwa. Na nusu ya macho pia. Aje harusini akipapasa ukuta. Aje aumwe kichwa kabla ya hotuba ya kwanza, na mama mtu amwone amekunja uso.

Shangazi alisimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Unafanya nini?"

"Narekebisha."

"Hiyo ilikuwa haina kasoro."

"Sasa ndiyo haina."

Shangazi alikaa juu ya kigoda chake bila kuvua koti. "Paji, miaka kumi na mmoja sijakuona ukiharibu kitambaa cha mtu. Hata yule mama aliyetutukana mlimshonea vizuri, wewe na hasira zako."

"Yule alinitukana tu."

Saa saba mchana benchi lilikaliwa na mtu mmoja. Saa saba na robo simu ya Paji ikalia.

"Uko wapi? Chakula kinapoa."

"Nina kazi."

"Kazi gani isiyoweza kusubiri mpenzi wako ale?"

"Ya mteja wako."

"Inaendeleaje?"

"Itamkaa."

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Ikoje?"

"Kama umeinua nyusi."

"Nyusi zangu uziache."

"Paji, kuna jambo unataka kuniambia?"

"Mimi? Labda wewe."

Bwana Miwani akatazama sahani mbili alizozishika magotini. Amejua, aliwaza. Ameutambua uzi, ameitambua kadi, na amechukia. Kumwambia sasa ni kumpa nafasi ya kusema ana kazi. "Mimi sina," akasema.

"Basi kula vyote viwili."

Alipiga tena saa kumi. Haikupokelewa. Alipiga tena jioni, akifunga duka. Shangazi alipokea, akasema, "Bwana Miwani, mimi nakuheshimu, lakini kama una akili kesho uje umeyaosha maneno yako." Usiku huo hakuna aliyelala vizuri katika watu watatu.

Ijumaa saa tisa alasiri alipanda. Shati jeupe, kola mpya. Paji alikuwa amesimama nyuma ya meza, gauni lilelile la kijivu la siku ya ngazi, sanduku la kofia limefungwa utepe mbele yake.

"Kazi yako," alisema. "Mpelekee. Na kuanzia leo benchi ni lako peke yako."

"Subiri."

"Sisubiri kitu."

"Niruhusu niifungue."

"Fungua kwa mwenyewe."

"Ndiyo ninachojaribu kufanya," akasema Bwana Miwani. Vidole vyake, ambavyo hufunga skrubu ndogo kuliko punje ya mtama, vilishindwa na fundo la utepe. Shangazi akamkatia. Akaitoa kofia, akaizunguka meza, akasimama mbele ya Paji. "Ijaribu."

"Kwa nini mimi?"

Akatoa mfukoni kadi ileile ya vipimo, akaigeuza. Nyuma yake palikuwa na mwandiko wake, tarehe ya miezi mitano iliyopita, na maneno: *ngazi ya tano, kofia saba, kioo kimoja kimepona.*

Paji aliisoma. Akaisoma tena. Sentimita nane. Mkono wa kushoto. Nyusi. Aligusa paji lake kama anayelikuta hapo kwa mara ya kwanza.

"Ningekuambia ni yako, ungeniambia uso wako si wa kofia," Bwana Miwani alisema. "Nikataka umshonee mtu mwingine mwenye uso huohuo. Ulivyochora kwa chaki, nilitaka kulia. Kesho nataka uje nayo kwa dada yangu. Ijaribu, nakuomba."

Hakuwa na namna. Akainua mikono, akavaa.

Ukingo ukamwangukia machoni mpaka kwenye miwani. Utepe ukambana kama mkono wa mtu mwenye kinyongo. Kiooni alionekana mwanamke mrefu asiye na uso.

Bwana Miwani akatoa rula, akaishika karibu na kichwa cha Paji, akaishusha. "Nimekosea," alisema polepole. "Nimekupima vibaya. Mimi, kazi yangu kupima nyuso, wako nimeukosea." Akaanza kukusanya utepe uliokatwa, sanduku, kadi. "Nisamehe. Nimekuaibisha bure. Labda ulikuwa unaujua uso wako kuliko mimi."

Paji aliona angeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi. Kofia ingerudi sandukuni, kosa lingekuwa la fundi miwani, naye angebaki nyuma ya meza yake kwa miaka mingine kumi na mmoja, kichwa wazi, salama. Bwana Miwani alikuwa ameshafika mlangoni.

"Hukukosea," alisema kutoka chini ya ukingo. "Hamsini na nane ni sawa. Niliibana mimi. Jana."

Akageuka. "Kwa nini?"

"Nilisikia simu. Wifi, mama, huyo mshonaji hajashtuka."

Ilimchukua muda kuyaunganisha. Alipoyaunganisha hakucheka, kama Paji alivyotarajia. "Kwa hiyo ulitaka mtu aumwe kichwa harusini kwa dada yangu. Mtu ambaye hujawahi kumwona."

"Nilitaka sana."

"Hukunifuata uniulize."

"Na wewe ulisema una mteja mwenye haya. Ulinidanganya machoni."

"Omba radhi, Paji," shangazi akasema kutoka kwenye kigoda.

Paji akavua kofia. Alama ya utepe ilikuwa imemzunguka kichwa. Akachukua sindano, akaanza kufumua utepe, mshono kwa mshono. "Siombi. Kama ningekuwa simpendi huyu, huyo mwanamke ningemwachia ile nzuri ya Jumatano. Nimeharibu kofia moja tu katika maisha yangu, na nimeiharibu kwa sababu yake. Shangazi, washa mvuke. Na wewe usimame hapo kama mgeni au ushike uzi huu, kimojawapo."

Bwana Miwani aliirudisha rula mfukoni. Kisha akaja, akaushika uzi.

Ukingo ulipoanza kupanda tena, shangazi alikohoa. "Ile siku niliyokwambia uso wako si wa kofia."

"Naikumbuka."

"Ulikuwa na mafuta mengi ya nywele. Kofia ilikuwa ya mteja, ya rangi ya maziwa. Sikutaka uichafue. Nikasema lililonijia mdomoni."

Paji akaiweka sindano chini.

"Miaka kumi na mmoja, shangazi."

"Hukuniuliza," shangazi akajibu, akainamia jiko.

Jumamosi saa nane mchana, nje ya ukumbi, Paji alisimama kwenye ngazi ya mwisho, gauni la rangi ya krimu, mkoba mkono wa kushoto, zambarau kichwani. Ndani palisikika watu zaidi ya mia mbili.

"Wataniona," alisema.

"Ndiyo maana ya kuja," Bwana Miwani akasema. "Ila niambie nikuingize kama nani. Dada ameshasema wifi, mama ameshasema mkwe. Mimi ndiye sijakuuliza. Utanikubali?"

"Unaniuliza mlangoni, watu wanapita?"

"Nilikukuta kwenye ngazi, watu wanapita."

Alimtazama. Nyusi ya kushoto ikapanda, lakini haikuwa hasira. "Ndiyo," akasema. "Shika mkono wa kulia. Uko huru."

Kabla hawajapita, bibi harusi mwenyewe alitokea, mikono kiunoni, gauni likimfuata kama kundi la bata. Alimtazama wifi yake kuanzia viatu, akafika kwenye paji, akabaki hapo.

"Wifi. Kaka amenihadithia yote. Eti ulitaka kunitesea mgeni wa heshima katika siku yangu, aumwe kichwa mbele ya mama. Umeshamwomba radhi huyu kaka yangu?"

Watu wa karibu wakageuka. Paji hakuinamisha kichwa. Akakiinua, paji lote likashika mwanga.

"Bado, wifi," akasema. "Na siombi."